Nondo wa barafu na kipepeo wa malkia

Leo nawaleteeni habari za wadudu wawili. Wa kwanza hukaa katika nchi ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ardhi yake ni ngumu kama jiwe kwa sababu ya baridi, na ambayo kwa zaidi ya miezi mitatu jua halichomozi kabisa. Chakula chake ni haba, na siku zake za kula ni chache mno. Wa pili hukaa katika msitu wa joto, wenye mvua nyingi na majani mabichi mwaka mzima. Hajui baridi ni nini. Mwulizeni mtoto wa shule ni yupi kati ya hao wawili aliye karibu kutoweka duniani. Bila shaka atamtaja yule wa barafu. Naye atakuwa amekosea, na wazee wengi wangekosea pamoja naye, maana sote twadhani kwamba mahali pagumu ndipo penye kuua, na mahali pa shibe ndipo pa salama.

Kwanza tupatane juu ya majina. Kipepeo kila mmoja amjua: huruka mchana, ana rangi za kupendeza, na akitua hukunja mabawa yake juu ya mgongo kama mtu anayefunga kitabu. Nondo ni ndugu yake. Wengi wa ukoo wake huruka usiku na kuzizunguka taa zetu. Miili yao ni minene na yenye manyoya, na vipapasio vya kichwani havina kifundo mwishoni kama vile vya kipepeo, bali vyafanana na uzi au unyoya. Wote wawili hupitia hali nne: yai, kisha kiwavi, kisha pupa aliyelala kimya ndani ya ganda lake, na mwisho mdudu mwenye mabawa. Akina mama wa Lubumbashi na Likasi wanaonunua sokoni viwavi waliokaushwa hununua watoto wa nondo, ingawa wanapowatia chunguni ni wachache wanaokumbuka kwamba wadudu wale, kama wangaliachwa mtini, wangalipata mabawa. Jambo hilo tulishike vizuri. Katika habari hii kiwavi ndiye mwenye nyumba. Yule wa mabawa huja kwa muda mfupi, apate mwenzake, atage mayai, afe.

Nondo wetu wa barafu kwa Kilatini aitwa Gynaephora groenlandica, yaani wa Greenland, na huonekana huko pamoja na visiwa vya kaskazini ya Kanada. Kisiwa kimoja kati ya hivyo chaitwa Ellesmere, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Huko, mahali paitwapo Alexandra Fiord, wataalamu wa wadudu wamemchungulia kwa miaka mingi. Sisi wa Kongo, theluji twaijua kwa macho tu: mtu wa Beni, kukikucha vizuri, huiona ikimetameta kwa mbali juu ya Ruwenzori. Hebu tuwaze nchi ambayo theluji haikai kilele cha mlima, bali hufunika kila kitu hadi ufuko wa bahari, na baridi hushuka digrii 40 chini ya sufuri na kupita hapo. Hakuna mti wa kusimama. Mti ulioko ni mwerebi mdogo, ndugu wa mierebi inayotajwa na nabii Isaya, lakini huu hausimami kando ya mito. Hutambaa juu ya ardhi, na mtu hupita juu yake bila kujua kwamba amekanyaga mti. Majani ya mwerebi huo ndiyo chakula cha kiwavi wetu.

Basi, kiwavi huyo hufanyaje wakati wa baridi? Hakimbii, kwa maana hana pa kukimbilia. Hafukui shimo refu, kwa maana chini ardhi nayo imeganda. Yeye huganda. Huganda kweli, kama nyama iliyo ndani ya barafu: ukimshika ni mgumu, moyo haupigi, pumzi hazipo. Katika majaribio amevumilia baridi ya digrii 70 chini ya sufuri, na alipotiwa joto polepole akaamka, akatembea, akatafuta majani.

Wanafunzi wanaojua friji wataelewa kwa nini jambo hilo ni la ajabu. Tia chupa iliyojaa maji ndani ya friji yenye baridi kali, uifunge vema, uiache usiku kucha. Asubuhi utakuta imepasuka, kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Mwili wa kiwavi, kama mwili wetu, umejaa maji, nayo yamo katika vyumba vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Barafu ikifanyika ndani ya vyumba hivyo, huvipasua na mwenyewe hufa. Kiwavi wa Ellesmere huizuia barafu isiingie humo. Siku za kulala zikikaribia, mwili wake hutengeneza gliseroli, ile ile iuzwayo katika maduka ya dawa kwa jina la gliserini, ambayo wengi huipaka midomo iliyokauka. Gliserini hiyo, pamoja na aina ya sukari, hukaa ndani ya seli na kuzilinda, na barafu hufanyika nje yake, katika nafasi zilizo kati ya seli na seli. Tena huzibomoa hata zile sehemu za seli zitoazo nguvu, kama fundi anayefungua mashine yake na kuiweka vipande vipande sandukuni. Wakati wa kuamka huziunda upya.

Theluji huyeyuka karibu na mwezi wa sita. Hapo jua halizami, huzunguka mbinguni saa ishirini na nne. Mtu angedhani kwamba mwenye njaa ya mwaka mzima ataanza kula mchana na usiku. Lakini kiwavi huyu katika siku zake za kuwa macho hula kwa sehemu moja ya tano tu, na sehemu moja ya tano hutembea. Muda wote uliobaki, yaani sehemu tatu nzima katika tano, huota jua! Hulala ubavu akielekeza mwili wake kwenye mwanga, na manyoya yake marefu huyazuia mavuno ya joto yasichukuliwe na upepo. Kwa njia hiyo mwili wake waweza kupita joto la hewa kwa digrii 20. Si uvivu. Tumbo lenye baridi haliwezi kusaga chakula, na kula bila kuota jua kungekuwa ni kujaza ghala lisilo na mlango wa kutolea. Baba mmoja akimsoma mdudu huyu asije akampa mwanawe kisingizio cha kukaa juani badala ya kwenda shambani. Lakini kwa kiwavi, kuota jua ndiyo kazi yenyewe.

Kuna jambo la ajabu kuliko yote hayo. Mwishoni mwa mwezi wa sita, au siku za kwanza za mwezi wa saba, wakati hali ya hewa ni nzuri kabisa na majani yangaliko, kiwavi huacha kula. Hujifumia kibanda cha hariri kando ya jiwe au chini ya mmea, akalala, akingojea baridi ambayo bado haijaja. Kwa majuma machache tu ya kula amemaliza mwaka wake. Kwa nini aache karamu kabla ya meza kuondolewa?

Wataalamu wameona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba majani ya mwerebi yana virutubisho vingi yanapochipuka, na baadaye hupungua. Mwenye kulala mapema huepuka kuteketeza akiba yake kwa majani yasiyolipa. Sababu ya pili ni adui. Kuna nyigu mmoja mdogo, na nzi mmoja, ambao hawana kazi nyingine isipokuwa kumtafuta kiwavi huyu. Nyigu humchoma na kuweka yai ndani ya mwili wake. Watoto wa nzi nao huingia mwilini mwake. Humla kutoka ndani hali yu hai, mpaka hafai tena kitu. Katika mahali palipochunguzwa, zaidi ya nusu ya viwavi hufa kwa njia hiyo. Baridi ile inayotutisha sisi haimwui mara nyingi. Nyigu ndiye amwuaye. Naye nyigu huja joto linapozidi. Kwa hiyo kiwavi hujificha ndani ya hariri yake katika siku nzuri, na kujitokeza katika siku mbaya ambazo adui hawezi kuruka.

Akila kidogo namna hiyo, atakua lini? Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki ni cha miaka. Wataalamu waliomchunguza katika miaka ya 1980 walikisia kwamba kiwavi huyu huhitaji miaka 14 mpaka kuwa nondo. Hesabu hiyo iliwashangaza watu wote, ikarudiwa katika vitabu na katika filamu, na mpaka leo utaisikia. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Kanada, Morewood na Ring, walitoa hesabu nyingine. Waliwafuata viwavi kwa uangalifu, wakaona kwamba kwa kawaida hujichuna ngozi mara moja kwa mwaka, na ngozi zenyewe ni saba. Miaka, basi, ni kama saba, si 14. Mimi naona saba yatosha kushangaza; lakini watu hupenda hadithi kubwa, na hesabu ya kwanza ikishaoa kijijini, ya pili haipati mahari.

Katika mwaka wa mwisho mambo yote huenda mbio. Kiwavi hufuma kifukofuko kinene, huwa pupa, hutoka nondo wa rangi ya kijivujivu asiyekula kitu, hupata mwenzake, na jike mara nyingi hutaga mayai juu ya kifukofuko kile kile alichotoka. Kisha hufa. Watoto huanguliwa kiangazi hicho hicho, na wakiwa wadogo kama nyuzi huingia katika baridi yao ya kwanza.

Nimetaja Alexandra Fiord. Jina hilo la Alexandra twalikuta tena upande mwingine wa dunia, mahali pasipojua theluji, katika kisiwa cha New Guinea, kaskazini ya Australia. Kisiwa hicho ni kikubwa mno, na nusu yake ya mashariki ni nchi ya Papua Guinea Mpya. Malkia Alexandra alizaliwa Denmark mwaka 1844, akaolewa Uingereza, na mumewe Edward wa Saba akawa mfalme mwaka 1901. Hivyo binti wa Denmark, nchi ile ile iliyoitawala Greenland ya nondo wetu, ndiye aliyetoa jina kwa kipepeo wa nchi ya joto: Ornithoptera alexandrae, kipepeo mwenye mabawa ya ndege, wa Alexandra.

Alivyopatikana ni kisa. Mwaka 1906 Mwingereza mmoja, Albert Meek, alikuwa akizunguka misitu ya kisiwa hicho. Alitumwa na tajiri Walter Rothschild, aliyekusanya wanyama na ndege wa dunia nzima katika nyumba yake ya makumbusho huko Tring. Meek aliona juu ya miti kitu kikubwa kikiruka, kirefu kuliko wavu wowote uwezao kufika. Akachukua bunduki ya marisau, akampiga kipepeo kama mtu apigavyo kanga. Kipepeo huyo jike yungali London, katika Makumbusho ya Elimu ya Maumbile, na matundu ya marisau yaonekana katika mabawa yake. Mwaka 1907 Rothschild akamwandika vitabuni kwa jina la malkia.

Mwanafunzi na achukue rula yake ya sentimita 30. Mabawa ya jike, yakinyoshwa kutoka ncha hadi ncha, hupita sentimita 25. Yabaki kidogo tu kuimaliza rula. Hakuna kipepeo mwingine duniani anayemfikia. Jike ni wa rangi ya kahawia yenye madoa meupe-manjano, na tumbo la manjano. Dume ni mdogo zaidi, lakini ndiye mwenye kupambwa: mabawa membamba ya buluu na kijani, yanayong'aa. Wasomaji wetu wa misitu ya Kongo wasione wivu, kwa maana wao wanaye Papilio antimachus, mkubwa wa Afrika yote, mwenye mabawa ya sentimita 18 hadi 23, ya rangi ya machungwa na nyeusi, ambaye dume wake hushuka wakati mwingine kunywa maji kwenye matope ya barabara. Pengine mmemwona na kumpita bila kumsalimu.

Sasa tazameni maisha ya kipepeo huyu wa malkia, mkiyalinganisha na yale ya nondo. Kutoka yai mpaka mabawa hupita miezi minne hivi. Hajui kungojea. Chakula kipo siku zote, joto lipo siku zote, naye hukua mpaka kiwavi wake ana urefu wa sentimita 12, mweusi, mwenye miiba laini myekundu na doa jeupe katikati ya mwili. Akiwa na mabawa aweza kuishi miezi mitatu, akinywa asali ya maua. Yule wa kaskazini hutumia miaka saba kwa siku chache za kuruka, na siku hizo hata hali. Ukiwapima kwa raha, hakuna mashindano.

Lakini raha hiyo yote imefungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo si maneno ya mfano, ni mmea kweli: mmea wa kutambaa wa ukoo wa Aristolochia, kama kamba za msituni tunazofungia nyumba. Hupanda juu ya miti mikubwa mpaka kileleni. Majani yake yana sumu, na kiwavi akiisha kuyala huchukua sumu hiyo mwilini, hata ndege hawampendi. Kwa hiyo mmea huo ni chakula chake na silaha yake pamoja. Mama hatagi penginepo. Na kiwavi mmoja mkubwa ni mlaji kwelikweli: hula majani, na kabla ya kuwa pupa hulitafuna shina lenyewe kwa kulizunguka, mpaka sehemu ya juu hukauka. Mahali penye mimea mingi hilo si neno. Mahali uliposalia mmea mmoja, kiwavi amekata ngazi ambayo nduguye angepanda.

Tena kipepeo huyu hakai kisiwa kizima. Hukaa katika mkoa mmoja tu, mkoa wa Oro, kandokando ya mji wa Popondetta katika nchi ya chini, na huko juu kwenye uwanda wa milimani uitwao Managalas. Nje ya hapo hayupo. Mambo mawili yamempata katika makazi hayo madogo.

La kwanza ni moto wa ardhi. Karibu na Popondetta umo mlima Lamington. Wenyeji hawakuujua kuwa ni volkano. Hakuna aliyesimulia kwamba uliwahi kuwaka. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1951 ulipasuka ubavuni, na wingu la majivu ya moto likashuka kwa mbio. Watu karibu 3,000 walikufa. Watu wa Goma, waliokimbia Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021, hawahitaji kuelezwa hofu ya siku ile. Pamoja na watu na vijiji, msitu uliteketea, kilomita za mraba zipatazo 250 za makazi ya kipepeo.

La pili lilikuja polepole, tena kwa faida. Msitu ulioungua huota tena. Na ardhi ya volkano, kama wakulima wa Kivu wanavyojua, ni ardhi yenye rutuba nyingi. Kwa sababu hiyo wapandaji waliitamani. Tangu miaka ya 1970 uwanda wa Popondetta umepandwa michikichi, na mbao zimekatwa kwa kuuzwa. Mchikichi, wasomaji wapenzi, ni mti wetu! Asili yake ni Afrika ya magharibi na ya kati. Mawese yake yamo katika mboga zetu tangu mababu. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na kizazi chake kikaenea Asia hata visiwa vya mbali. Mti uliotulisha sisi umekuwa huko mpangaji mpya anayemtoa mwenye nyumba. Wala siwezi kumlaumu mkulima wa Oro. Michikichi humpa fedha za karo na za dawa; kipepeo hampi.

Hapa ndipo naona tofauti kubwa kati ya wadudu wetu wawili, nayo haikai katika baridi wala joto. Nondo wa barafu amezoea hasara. Nyigu wakiwala nusu ya viwavi wa bonde moja, wangaliko viwavi katika bonde la pili na kisiwa cha tatu, kwa sababu mwerebi watambaa kila mahali kutoka Kanada hata Greenland, na hakuna mtu anayeutaka ule udongo kwa shamba. Kiwavi aliyechelewa mwaka huu atakula mwaka ujao, hana haraka. Kipepeo wa malkia amezaliwa katika nchi isiyo na msimu wa njaa, hata hakuhitaji kujifunza kungojea. Jike akitembea siku zake zote bila kuona mmea wake, mayai yake hayana pa kuwekwa, na hakuna mwaka wa pili kwake.

Wengine watasema: je, yule wa kaskazini yu salama kabisa? Hapana, na haifai kumtukuza mno. Mwaka 2022 wataalamu walionyesha kwamba tangu 1979 nchi za ncha ya kaskazini zimeongezeka joto karibu mara nne kwa haraka kuliko dunia nzima. Kwa mdudu ambaye akiba yake hulindwa na baridi, majira ya baridi yenye vipindi vya joto ni kama mlinzi wa ghala anayeacha mlango wazi: mwili huamka, huteketeza mafuta yake, na majani bado hayapo. Naye nyigu hupata siku nyingi zaidi za kuruka. Lakini visiwa vyake ni vingi, naye hakungojea kuandikwa katika orodha yoyote. Yule wa Oro ameandikwa zamani. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lamhesabu miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Je, sheria haikumsaidia? Sheria zipo. Katika miaka ya 1960, nchi ile ingali chini ya Australia, ilikatazwa kumkamata yeye na ndugu zake kadhaa. Baadaye, chini ya mapatano ya kimataifa yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973, aliwekwa katika orodha ya kwanza, ile ya viumbe wasiouzwa kabisa kati ya nchi na nchi. Walaghai hawakukosa kwa hilo. Mwaka 2007 huko Marekani mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miezi 21 kwa kuingiza na kuuza vipepeo vya magendo. Jozi moja ya kipepeo wa malkia aliiuza dola 8,500. Hizo ni fedha nyingi kuliko mavuno ya miaka kadhaa ya mwanakijiji yeyote wa Oro.

Lakini sheria hizo, kwa maoni yangu, zilimkamata mtu mwenye wavu zikampita mwenye shoka. Kipepeo mmoja akichukuliwa, mmea wake ungali papo na jike mwingine atataga. Mti mkubwa ukikatwa, mmea uliopanda juu yake huanguka pamoja nao, na vizazi vyote ambavyo vingekuja. Tena katika Papua Guinea Mpya karibu ardhi yote ni ya koo za wenyeji kwa desturi. Serikali haina msitu wa kuamuru. Mwenye ukoo ndiye huamua, naye hukuta hali hii: akiuza mbao, si kosa, akipanda michikichi, si kosa, akiutunza msitu wake akauza vipepeo wawili kila mwaka, ni mhalifu. Wako wataalamu waliosema tangu miaka ya 1990 kwamba heri wenyeji waruhusiwe kufuga na kuuza wachache kwa kipimo, ili msitu uwe na faida kwao ukiwa umesimama. Nchi ile ina ujuzi wa kazi hiyo: mwaka 1978, mjini Bulolo, ilianzishwa ofisi ya serikali ya kununua wadudu kutoka kwa wanavijiji na kuwauzia wakusanyaji wa ng'ambo, wakiwamo vipepeo wengine wa mabawa ya ndege ambao sheria yawaruhusu. Wenye kupinga wana neno pia: mlango ukifunguliwa kidogo, nani atamtambua kipepeo wa kufugwa na wa kuibwa? Mabawa yao ni yale yale. Ningependa kusikia wazee wa koo za Oro wangesema nini, kwa maana hao ndio wanaolala karibu na mmea huo.

Juu ya uwanda wa Managalas wamekwisha kusema. Baada ya mashauri ya miaka zaidi ya thelathini, mwaka 2017 koo za huko zilikubaliana na serikali, na hekta zipatazo 360,000 za ardhi yao zikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, wenyewe wakibaki na nyumba zao na mashamba yao ndani yake. Huko kipepeo wa malkia ana miti ya kutosha. Huku chini, kuelekea Popondetta, misitu iliyobaki imekaa vipande vipande kati ya shamba na shamba, na jike akitoka kipande kimoja hana budi kuruka juu ya michikichi, safu baada ya safu, akitafuta jani lile moja.